Na trela la kulala kutoka Cape Range hadi Karijini

Swali: Ndugu wasafiri, Julai tunakusudia kuvuta trela letu la kulala kutoka hifadhi ya Cape Range, iliyo kando ya matumbawe ya Ningaloo, hadi Karijini, ndani kabisa ya Australia Magharibi. Tujiandae vipi?

Jibu: Maji ndiyo jambo kuu, kwa kuwa kambi za Cape Range hazina maji ya kunywa, jazeni matangi mjini Exmouth, na nafasi za kambi mziweke mapema.

Jibu: Kwenye changarawe punguzeni upepo wa matairi, ya gari na ya trela pia, kisha mwende polepole. Vumbi jekundu la Karijini hupenya kila ufa, na usiku wa Julai huwa na baridi kali, basi mablanketi msiyasahau.

Muulizaji: Ahsanteni sana, tutaongeza tangi.