Fizi zinanisumbua, nitafune bigijii ngapi kwa siku?

Gego la Kushoto: Wakuu salaam. Mwezi wa tatu huu fizi hazinipi raha, na mdomo unanuka hadi mwenyewe nasikia. Nimesoma kwamba kutafuna kunaongeza mate na mate yanapambana na bakteria. Swali langu ni moja tu: ngapi kwa siku? Kejeli wekeni pembeni.

Mama Pacha: Pole mwanangu. Baba Pacha alikuwa hivyohivyo, tukalala mzungu wa nne karibu mwaka mzima. Kumbe anakoroma mdomo wazi, mate yanakauka usiku kucha.

Tumbo Joto: Angalia tu zisiwe zenye zailitoli nyingi, ule utamu wa badala ya sukari, ukizidi unaharisha. Mimi nilimaliza kopo zima safarini. Dereva alinijua kwa jina siku hiyo.

Fundi Meno: Mleta mada, ukitulia mate hutoka kama mililita 0.3 kwa dakika. Ukitafuna yanapanda hadi 1, hata 3. Hayo ya kutafuna yana bikaboneti nyingi zaidi, yanapoza asidi ambayo bakteria wanaitengeneza wakila sukari. Asidi ikizidi, pH (kipimo cha asidi, ikishuka ndiyo asidi kali) ikienda chini ya 5.5 hivi, jino linaanza kuyeyuka. Lakini hayo ni mambo ya kutoboka meno. Utando wa bakteria uliojificha chini ya ufizi mate hayaufikii. Bigijii zako zina sukari? Damu inatoka? Mswaki mara ngapi?

Gego la Kushoto: Hazina sukari. Damu ipo, kidogo.

Fundi Meno: La mswaki umeliruka.

Pilipili Kichaa: Anasubiri watoe bigijii yenye manyoya 😂

Gego la Kushoto: Haya. Upande wa kushoto sijaupiga mswaki tangu damu ianze. Nikigusa tu povu linakuwa la pinki, nikaona nipapumzishe. Kidonda hakisuguliwi kila siku, hilo halihitaji shule. Natafunia kulia. Kuna gego la huko kushoto linacheza kidogo nikilisukuma kwa ulimi. Pakiti sita nimeshanunua, kwa hiyo msiniambie niache.

Mzee Kikongojo: Uvivu umepewa jina la kupumzisha. Nina miaka 61 na meno yangu yote. Ukitoa manne.

Fundi Meno: Ndugu, umegeuza mambo. Damu inatoka kwa sababu utando umekaa, na wewe umeuongezea miezi mitatu. Ukikaa unashika madini ya mate hayohayo unayoyasifia, unakuwa ugaga. Huo hautoki kwa mswaki wala kwa kutafuna, ni kukwanguliwa. Na jino la mtu mzima likicheza, mara nyingi mfupa unaolishikilia umeanza kuliwa. Muone daktari wa meno wiki hii. Bigijii isiyo na sukari dakika 20 baada ya kula haina neno, ila mswaki wa nyuzi laini urudi kushoto leo. Unavuta sigara?

Gego la Kushoto: Niliacha. Mbona damu imeanza baada ya kuacha?

Fundi Meno: Sigara huficha damu ya fizi. Ugonjwa huenda ulikuwepo, ulikuwa kimya tu. Usiirudie.

Chujio: Wakuu mnakunywa chai bila vitafunwa. Nani anapiga mswaki nusu mdomo? Na hili jina, "Gego la Kushoto", alilipata lini? Akaunti ina siku mbili. Kesho atawatajia bigijii ya kununua, mniite mbwa.

Pilipili Kichaa: Duh, jina sikuliona. Narudisha pole yangu.

Mama Pacha: Hukutoa pole yoyote wewe. Na mimi namwamini, wanaume ndivyo walivyo. Wangu alitembea na jipu wiki tatu akisema ni mbu.

Gego la Kushoto: Jina nimelifungulia uzi huu, humu kuna watu wa ofisini kwetu. Chujio, bigijii nimetaja ipi?

Chujio: Bado hujataja. Nipo.

Gego la Kushoto: Nimetoka bafuni. Nimepiga kushoto, taratibu. Damu imejaa kwenye sinki na nyuma ya gego kuna kitu kigumu cha njano, kucha haikibandui. Fundi, huko kukwangua kunauma?

Fundi Meno: Wanaweza kukuchoma sindano ya ganzi. Nenda.

Tumbo Joto: Na pakiti zilizobaki usimalize njiani.