Roketi ya chupa na pampu ya baiskeli, mbona yangu haivuki paa?

Baba Nasri: Wakuu habari za jioni. Dogo wangu wa darasa la sita kaja na hii kitu ya roketi ya chupa, unaweka maji, unajaza upepo kwa pampu ya baiskeli inaruka. Tukachonga kizibo kwa soli ya ndala, tukapitisha valvu ya tyubu katikati, maji nikajaza karibu chupa nzima maana nilijua maji mengi ndo nguvu nyingi. Inafika usawa wa paa inajigeuza kichwa chini miguu juu, mimi nimelowa, majirani wanacheka. Tatizo nini? Au niweke upepo mtupu iwe nyepesi?

fundi_upepo: Mkuu umekosea kwenye maji. Kinachosukuma ni upepo uliobanwa, maji ni mzigo wa kutupwa nyuma ili chupa iende mbele. Chupa ya lita 1.5 weka maji nusu lita tu, upepo unabaki na lita 1. Ukipampu hadi bar 4 (bar na psi ni vipimo vya presha), kama psi 60 kwenye geji, maji yakiisha kutoka upepo umetanuka lita 1 kuwa 1.5 na bado una karibu bar 2, unamalizia kusukuma. Ukiweka maji lita 1 ule upepo wa nusu lita unatanuka mara tatu, mpaka maji yaishe presha haifiki hata bar 1, na ulianza safari na kilo nzima mgongoni. Upepo mtupu nao hapana, hewa ni nyepesi, inatoka puu basi. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, ndo maana teke lake linasikika.

Mwl_Fizikia: Kujigeuza ni uzito. Bandika udongo wa mfinyanzi puani, mabawa matatu ya kadibodi nyuma karibu na mdomo wa chupa. Halafu ikiwa tupu ilaze kidoleni mpaka itulie, funga uzi hapohapo uizungushe kama kombeo, ikiangalia mbele poa, ikiyumba ongeza udongo. Na hicho kizibo cha ndala (nimecheka sana) ndo kinaamua presha, kikilegea kinachomoka mapema kabla upepo haujajaa.

dogo_bomba: Chupa mambo ya watoto, chukua bomba la PVC na koki ya kufungua haraka urushe viazi

fundi_upepo: Usimdanganye mwenzio. Bomba lile ni la maji, na maji hayabanwi, likipasuka yanamwagika tu. Upepo uliobanwa ni springi, bomba likiachia vinaruka vipande vyenye makali kama kisu, na likishapigwa jua miaka ndo limekakamaa kabisa. Baba Nasri baki na chupa, ila iwe ya soda yenye gesi, imetengenezwa kuhimili presha, ya maji ya kunywa ni nyembamba. Ikiwa na mkwaruzo tupa, bar 5 usivuke, pampu iwe na mpira mrefu usimame mbali, na ikigoma usiinamie kuchungulia.

Baba Nasri: Duh yangu ni ya maji ya kunywa na niliinamia kuchungulia mara mbili. Kesho soda ya lita na nusu, dogo kashajitolea kuimaliza peke yake, mama yake ananiangalia tu.