Joto linavukaje ombwe la nanomita chache? Hesabu zangu hazikubali

SensaNdogo
Habari zenu wakuu, naomba msaada manake hii kitu inanisumbua siku ya tatu sasa. Nachora sensa, yaani kifaa cha kupimia, kuna kijihita kinaning'inia juu ya kipande cha silika (mata ya kioo), pengo ni nanomita 200, hewa yote imetolewa. Nilijua joto halitavuka sana, maana hakuna kugusana, hakuna hewa, inabaki mionzi tu, na mionzi ina kikomo cha Stefan na Boltzmann, yaani kitu cheusi kabisa kwenye kelvini 300, joto la chumba hivi, kinatoa kama wati 460 kwa mita mraba basi. Sasa nasoma kuna watu wamepima mara mamia ya hapo. Sheria imevunjwa au mimi ndo sijaelewa?

mwl_mawimbi
Sheria iko salama mkuu, ila umeipeleka mahali ambapo si pake. Planck mwenyewe, mwanafizikia aliyezitunga hesabu za mionzi hiyo, aliweka sharti kwamba umbali uwe mkubwa kuliko urefu wa wimbi. Kwenye kelvini 300 mionzi mingi ina urefu wa wimbi karibu maikromita 10, ambayo ni nanomita 10,000, we uko 200.

Iko hivi, ndani ya kitu chochote chenye joto chaji zinatikisika ovyo muda wote na zinazaa mawimbi ya sumakuumeme, mengine yanatoka yanaenda zake, hayo ndo Planck aliyahesabu, mengine hayatoki kabisa, yanang'ang'ania kwenye uso na ukisogea mbali kidogo tu yameshafifia. Kitu kikiwa peke yake hayo ya pili hayapeleki joto popote. Lakini ukileta uso mwingine karibu kabla hayajafifia, yanazitikisa chaji za huko na nishati inakuwa imeshavuka. Wanafizikia Polder na Van Hove waliipigia hesabu mwaka 1971 wakitumia misingi ya mwenzao Rytov, na mimi mpaka leo naona ni moja ya hesabu tamu kuliko zote kwenye fizikia ya joto.

Na silika ndo mbaya zaidi kwako. Atomi zake za usoni zinatikisika pamoja kwenye masafa ya infraredi yale yale ambayo joto la kawaida linayaamsha, so mabapa mawili ya silika yakiwa karibu sana, ukipunguza pengo nusu joto linapanda kama mara nne.

Bapa_Sambamba
Naongezea upande wa vipimo. Ugumu upo kwenye kuyaweka mabapa sambamba, chembe moja ya vumbi inaharibu kila kitu, mimi nilipoteza miezi hapo. Ndo maana 2009 watu wa chuo cha MIT kule Marekani walitumia kigololi cha kioo juu ya bapa, kigololi hakina shida ya usambamba, wakakishika na kijimkono kinachopinda kikipata joto, wakafika nanomita 30 na kukuta karibu mara elfu ya kile kikomo cha kitu cheusi. Mwaka 2015 kundi la Chuo Kikuu cha Michigan likashuka hadi nanomita 2 hivi na nadharia bado ikakubaliana na vipimo.

SensaNdogo
Asanteni sana, sasa naelewa. Ila ile mitikisiko ya atomi yenyewe, haiwezi kuruka pengo bila hayo mawimbi ya sumakuumeme? Kama sauti hivi?

mwl_mawimbi
Swali zuri sana hilo! 2019 kundi la Chuo Kikuu cha Berkeley walionyesha inawezekana. Walichukua utando mbili nyembamba zilizopakwa dhahabu, pengo mamia ya nanomita, wakakuta mtikisiko wa mmoja unausukuma wa pili kupitia nguvu ya Casimir, ile inayotokana na ombwe lenyewe kutotulia. Ila ule ni mtikisiko mmoja wa utando mzima, kiasi chake ni kidogo mno, kwako kinachovujisha joto ni yale mawimbi ya usoni.

Bapa_Sambamba
Jaribu kupaka dhahabu pande zote mbili. Dhahabu haina mitikisiko ile ya infraredi kama silika, mawimbi yake ya usoni yako kwenye masafa ya juu sana kuliko infraredi, ambako joto la chumba haliyafikii.

SensaNdogo
Sawa mkuu, narudia hesabu na dhahabu, pengo nalipeleka maikromita 2 kwanza nione.