Naomba ushauri kuhusu ubingwa bobezi wa majeraha ya mifupa

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni daktari bingwa wa mifupa katika hospitali ya rufaa ya mkoa nchini Tanzania, ambako majeruhi wengi tunaowapokea ni wa bodaboda. Mivunjiko ya paja na ya muundi tunaimudu kwa misumari ya SIGN, yaani vyuma virefu vinavyopitishwa ndani ya mfupa, ambayo skrubu zake hufungwa bila kuhitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Lakini anapofika aliyevunjika fupanyonga au kikombe cha nyonga (tundu linalopokea kichwa cha mfupa wa paja), hutulazimu kumpa rufaa, na safari yenyewe humwongezea hatari ya kuvuja damu.

Ndiyo maana nataka kusomea ubingwa bobezi huo. Nimezungumza na waliopitia Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), nikawaandikia pia wasimamizi wa mafunzo huko Cape Town. Kinachonitatiza ni kwamba nafasi fupi za mafunzo nje ya nchi mara nyingi humpokea mgeni kama mtazamaji, asiyeruhusiwa kushika kisu bila usajili wa baraza la madaktari la nchi husika. Na upasuaji wa nyonga, kwa maoni yangu, haujifunzwi kwa macho.

Je, mliobobea mngenishauri nianzie nyumbani, ambako nitapasua mwenyewe chini ya msimamizi, au nisubiri usajili kamili wa nje hata ukichelewa? Na kabla ya kuondoka, nikubaliane nini kwa maandishi na mwajiri kuhusu vyuma na vifaa vya nyonga, ili nikirudi nisiendelee kuandika rufaa zile zile?

Natanguliza shukrani.