Tajiri anataka nipunje kilo za mwani, naogopa kumkatalia. Nifanyeje?

Karani_Mwani:
Asalaam alaykum wanajamvi. Mimi ni karani wa tajiri mmoja anayenunua mwani huku kwetu Micheweni, Pemba. Nasoma mizani, naandika daftari, nalipa. Juzi kaniita pembeni: kuanzia bamvua lijalo, maji makubwa yakija tukivuna, kila kiroba nikate kilo mbili, niandike "unyevu", hata kama mwani umekauka vizuri. Wanaouza ni mama zangu, shangazi zangu na majirani. Wengi hawaangalii mizani, wananiamini mimi.

Moyo haukubali. Lakini nikifikiria kumwendea, miguu inaniisha nguvu. Nina kigugumizi tangu mdogo. Skuli nikiinuliwa kusoma darasa zima linacheka, na kidato cha nne nikatoka bila cheti cha maana. Nyumbani nako nimekua nikisikia, "huyo mwacheni, si mtu wa mbele za watu." Mpaka leo nikitaka kusema neno, hilo ndilo linalonitangulia kichwani. Mimi nani wa kumpinga mtu aliyenipa kazi? Na nikiikosa hii, nani atamchukua karani anayekwama kwenye jina lake mwenyewe? Nina mke na mtoto. Naomba ushauri, msinicheke.

Mtu_wa_Bandarini:
Kata hizo kilo, ulishe mwanao. Ukiondoka wewe, kesho anakaa mwengine atakayekata tatu.

BiMwani:
Wewe wa bandarini, na huyo mwengine akikata tatu atajibu yake. Hapa tunamzungumzia huyu kijana.

Mwanangu, mwani wa biashara umeanza Zanzibar mwaka 1989, na mimi niliingia bado msichana. Tulikuwa na kottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, bahari ilipozidi joto ikawa inakufa mikononi mwetu. Sasa wengi tumebaki na aina nyengine, spinosamu, bei yake ndogo. Hiyo kilo mbili unayoambiwa ukate ni kamba niliyoifunga mbegu moja moja kwa taitai, vile vikamba vyembamba, mgongo umeinama, maji yakikupwa nipo, nikaingoja kama wiki sita, nikaanika, mvua ikaja nikaanua, nikaanika tena. Unyevu wa kweli tunaujua na hatukatai ukatwe. Ila mwenye mali aone kwa macho yake.

Na hilo la kusema wewe si mtu wa mbele za watu, waliokwambia walikutazama ulimi. Huku kwetu karani tunamwachia viroba tukaenda kuswali. Hakuna aliyeuliza anasema haraka au polepole. Umeshasimama mbele za watu siku zote hizo, wewe tu ndiye hujajihesabia.

Ustadhi_Chake:
BiMwani kasema kweli. Nami naongeza mawili. Kuhusu vipimo, Suratul Mutaffifin inaanza kwa kuwatisha wapunjao, wanaotaka kutimiziwa wanapopokea na kupunguza wanapowapimia watu. Aliyeshika kalamu yumo pia.

La pili ni ulimi wako. Ile dua ya Suratu Twaha tuliyohifadhi chuoni, "wahlul uqdatan min lisani", yaani "lifungue fundo la ulimi wangu", ni ya Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni. Alitaja uzito wa ulimi wake, akaomba ndugu yake Harun afuatane naye. Alikwenda na hofu yake. Kwa nini wewe ujilazimishe kwenda peke yako? Tafuta mtu mzima ambaye tajiri anamstahi. Usimkabili ghalani mbele za wapagazi, utamfanya atetee uso wake badala ya kukusikiliza.

Msaidizi_wa_Sheria:
Kwa ufupi: Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Kukataa kuandika uongo si kosa la kazi. Akikufukuza kwa hilo, nenda Kamisheni ya Kazi. Na tangu leo usitie saini ukurasa wenye hesabu usiyoipima wewe.

Karani_Mwani:
Nimesoma yote, na mke wangu nimemsomea. Allah awalipe.

Ami yangu na tajiri wamevua pamoja zamani, wanaheshimiana. Nitamwomba ami tufuatane Ijumaa baada ya Alasiri, nyumbani kwa tajiri. Maneno yangu nimeyaandika ili nikikwama nimpe karatasi: "Nitaandika mizani inavyosoma. Mwani ukiwa na unyevu, nitamwonesha mwenye mali kabla sijakata." Hofu ipo vilevile, nitakwenda nayo.

BiMwani, akinitoa kazini, vile vikundi vya kina mama vya sabuni za mwani vinachukua mtu wa hesabu?

BiMwani:
Chetu kinamtafuta, aliyekuwepo kaolewa Unguja. Lakini hatuna mshahara wa mwezi, tunagawana sabuni zikiuzwa, nakwambia mapema usije ukaacha kazi kwa kututegemea sisi. Nenda kwa tajiri kwanza. Jumamosi tuandikie hapa amesemaje.