Sex and the City 2 iliivunja meza ya marafiki wanne, na nimechoka kusikia ikitetewa

Wadau, nafungua uzi huu kwa hasira. Kila filamu hii inapotajwa, kuna mtu anarukia kusema: "Ni vichekesho vya mapenzi tu, mlitaka nini?" Tulitaka vichekesho vya mapenzi, na ndivyo tulivyonyimwa. Ilitoka mwaka 2010, ina dakika 146, Michael Patrick King aliiandika na kuiongoza mwenyewe, waigizaji wote wanne walikuwepo na fedha zilikuwepo. Haikukosa kitu. Basi tuseme imeharibika wapi, kiungo kwa kiungo, kwa sababu lawama nyingi zimewaangukia wasiostahili.

Kwanza tukumbushane mtambo wenyewe ulivyokuwa ukifanya kazi. Kabla ya filamu kulikuwa na tamthilia ya televisheni, Sex and the City: misimu 6, vipindi 94, kuanzia 1998 hadi 2004. Carrie, mwandishi wa safu ya gazeti, anakaa dirishani na laptopu, anaandika swali moja. Swali hilo linafika mezani, mgahawani, na kila mmoja analijibu kwa maisha yake: Samantha kwa tamaa zake bila haya, Charlotte kwa ndoto yake ya ndoa, Miranda kwa ukali wa wakili asiyependa kudanganywa. Wanapingana, na pengine mmoja anaondoka amenuna. Kicheko kilitoka kwenye kupingana huko, nguo zilikuwa pambo tu. Mwanamke yeyote wa Kampala aliyewahi kuwa kwenye nigiina, kile kikundi cha wanawake wanaotuzana kwa zamu, anaielewa kanuni hii bila kufundishwa: leo zamu yako, kesho zamu ya mwenzako, na uliyepokea leo una deni. Ukiondoa zamu na deni, unabaki na wanawake wanne waliopendeza waliokaa chumba kimoja.

Filamu ya kwanza, ya 2008, ililijua hilo. Big, mchumba wa Carrie, anamwacha siku ya harusi. Marafiki zake wanamchukua kwenda Mexico, fungate iliyokwisha lipiwa, na kila mmoja ana kazi. Samantha anamlisha kwa kijiko. Charlotte, aliyekataa kula vya huko kwa kuogopa tumbo, anameza maji bafuni, anaharibikiwa suruali, na hapo ndipo Carrie anacheka kwa mara ya kwanza tangu aachwe. Tazameni ufundi wake: kichekesho kimepandwa mapema, na kinapochipuka kinamponya mtu. Halafu chini ya yote kuna siri ya Miranda, kwamba usiku wa kuamkia harusi alimwambia Big kuwa kuoana ni wazimu. Siri inapofichuka, anayeumiza na anayeumizwa wote ni marafiki. Moyo wa filamu uko hapo, mapenzi ya Big yanafuata nyuma.

Sasa njooni kwenye ya pili, mnitafutie ugomvi mmoja wa kweli kati ya hawa wanne. Hakuna. Kosa la kwanza na kubwa ndilo hilo, na mengine yote yamezaliwa nalo.

Miranda ana bosi anayeinua kiganja kumnyamazisha mbele ya watu. Ni tatizo zuri sana, kila mwanamke mwenye kazi ya ofisini analijua. Lakini anaacha kazi mapema, kabla ya safari ya wote wanne kwenda Abu Dhabi kwa mwaliko wa shehe mmoja, kwa hiyo anapanda ndege hana mzigo wowote. Kule anageuzwa kuwa mwongoza watalii, anasoma maneno ya Kiarabu na kuwaambia wenzake wafunike mabega. Wakili mkali kuliko wote hana kesi! Mwishoni tunaonyeshwa haraka kwamba kapata ofisi nyingine.

Charlotte anaogopa mumewe, Harry, atamtamani yaya. Hofu hiyo inabebwa filamu nzima, kisha inaondolewa kwa kutuambia yaya anapenda wanawake. Charlotte mwenyewe hakufanya lolote. Hakumuuliza mumewe wala kujifunza jambo juu ya ndoa yake. Fundo likifunguka lenyewe bila mkono wa aliyefungwa, mtazamaji amepotezewa muda.

Samantha ana miaka 52 na vidonge vyake vya homoni vinachukuliwa uwanja wa ndege. Hebu fikirini mlango uliofunguka hapo: mwanamke aliyejivunia mwili wake maisha yote, mwili unaanza kumsaliti, yuko ugenini, na wenye kumtunza ni marafiki watatu tu. Badala yake anatokwa jasho tuchekeshwe.

Na Carrie? Swali lake ndilo lililokuwa bora kuliko yote. Big, ambaye sasa ni mumewe, anapendekeza wawe wanakaa mbalimbali siku mbili kila wiki. Je, ndoa inaruhusu likizo ya siku mbili? Lingewekwa mezani kwa haki yake, wanne hawa wangegombana hadi alfajiri. Linaguswa kidogo, kisha linafukiwa na ngamia na mavazi. Kisha Aidan, mpenzi wake wa zamani, anatokea sokoni, nchi ya mbali, kwa bahati tu. Bahati ya kuanzisha hadithi inasameheka. Hii imeletwa katikati kuziba pengo ambalo mwandishi alilichimba mwenyewe. Wanabusiana, Carrie anapiga simu kukiri, na adhabu anayopewa na Big ni pete ya almasi nyeusi.

Hilo linanileta kwenye kinachoweza kupotea. Theluthi ya mwisho ya hadithi ya mapenzi lazima kiwepo kitu ambacho mtu hawezi kukinunua tena. Hapa, baada ya Samantha kukamatwa, shehe anaondoa udhamini wa hoteli, chumba cha dola 22,000 kwa usiku, na wote wanakimbizana kwenda uwanja wa ndege wasije wakakosa viti vya daraja la kwanza. Viti! Hata ukiwa unawapenda namna gani, huwezi kumwombea mtu dua kwa ajili ya kiti.

Sasa kuhusu buibui, na hapa sitapunguza sauti. Wanawake wa pale wanavua mavazi yao meusi na kuonyesha chini yake mitindo mipya ya New York, na filamu inasimama kana kwamba imegundua siri. Mwanamke yeyote wa Kibuli au Arua aliyewahi kuingia kwenye harusi ya Waislamu, upande wa kina mama, anajua buibui likitundikwa mlangoni gauni linaonekana, na wala hakuna anayeshtuka. Wale walikuwa wenyeji wa hadithi. Wangeweza kukaa mezani na kulijibu swali la ndoa kwa namna ambayo wageni wanne hawakuwahi kuisikia. Wakapewa dakika chache za kuonyesha nguo na kuazima mabuibui ya kutorokea. Filamu haikupigwa hata Abu Dhabi kwenyewe. Ruhusa haikupatikana, wakaenda Morocco, kwa hiyo hata mji, ambao kule New York ulikuwa kama rafiki wa tano, umegeuka pazia la nyuma.

Kuna mhudumu anaitwa Guarau. Mke wake yuko India, wanaonana kwa nadra kwa sababu nauli ni ghali, na bado wanapendana. Wangapi hapa Uganda wana dada, shangazi au mke aliyepanda ndege Entebbe kwenda kufanya kazi za ndani Ghuba? Sisi tunaisikia sentensi ile kwa masikio mengine. Hadithi ya kweli ya mapenzi ilikuwa chumbani, imeshika trei. Ikatumika kumfundisha Carrie kuhusu ndoa yake, Guarau akaachiwa bahasha ya fedha, basi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba walikuwa wanajua kuandika. Kipande cha baa, Miranda na Charlotte peke yao na vinywaji. Miranda anamhimiza mwenzake anywe funda moja kwa kila neno gumu, mpaka Charlotte anakiri kwamba anawapenda binti zake lakini malezi yanamzidi nguvu. Hakuna ngamia wala muziki. Ni wawili, meza, na jambo la aibu linalosemwa kwa sauti. Ile ndiyo filamu niliyoilipia. Na kule mwanzo, tunaporudishwa miaka ya 1980 kuona walivyokutana, nilitaka tubaki kule.

Mpeni VJ wa kibanda cha video, yule anayetafsiri filamu kwa sauti yake, filamu ya kwanza, ana ugomvi wa kutafsiri mpaka sauti ikauke. Mpeni hii, sehemu za jangwani itabidi atunge maneno yake mwenyewe, maana wahusika hawana la kuambiana.

Tuzo za Razzie za 2011, zile za mzaha za filamu mbovu, zikawapa wanawake wote wanne kwa pamoja ile ya mwigizaji mbaya zaidi. Nalipinga hilo kabisa. Mwigizaji hawezi kuigiza mgogoro ambao haukuandikwa. Watazamaji walielewa: ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani, ya pili haikufika 300 ingawa iligharimu zaidi.

Marekebisho yalikuwa mepesi. Miranda afiche kwamba kaacha kazi, aje aseme pale baa. Carrie amwambie Charlotte peke yake habari za busu, Charlotte aropoke. Samantha augue, si kukamatwa. Harusi inayofungua filamu ikatwe nusu. Hapo wanne hao wana sababu ya kukaa mezani, na dakika 110 zinatosha.

Anayeitetea asiniandikie habari za viatu. Aniletee kipande kingine, ukiacha kile cha baa, ambapo rafiki anamwambia mwenzake jambo gumu usoni na linabadilisha kitu. Ataje na dakika yake, nitakwenda kuiangalia.