Naomba ushauri: Monopoly ya wakati wa vita, kadi moja haipo

Habari zenu wanakikundi. Nimenunua Monopoly (mchezo wa ubaoni wa kununua mitaa na kujenga nyumba) ya kampuni ya Waddingtons kwenye duka la mitumba hapa Leeds, Uingereza, mji ilikotengenezwa. Haina dadu, ina mshale wa kadibodi wa kuzungusha, na kete nazo ni za kadibodi. Chuma kilikuwa adimu wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo naamini ni ya miaka hiyo. Nimehesabu: nyumba 32 na hoteli 12 zimetimia. Kinachoniuma ni kadi ya umiliki wa mtaa wa Mayfair, haipo! Kona ya boksi pia imechanika. Gundi sijathubutu kuigusa.

Je, nikiazima Mayfair kutoka seti nyingine ya zamani, nitaishusha thamani? Na boksi, niliache hivyo au nimpelekee fundi wa kukarabati vitabu?

Natanguliza shukrani.